Mianzi ya Aji

Kipya kinyemi, ingawa kidonda. Ndivyo walivyonena wahenga, wakimaanisha kwamba binadamu hukipenda kila kilichotoka jana, akakishika na kukipapasa, hata kama kinamla mwilini. Wapo wasioyaamini maneno haya mpaka yawafike. Lasata Dangol wa Patan, mji wa kale wa Nepal, alikuwa mmoja wao, nami sitamsitiri.

Lasata alikuwa fundi wa tovuti, hodari kwelikweli, mwenye mdomo mwepesi na vidole vyepesi zaidi. Mama yake alifariki yeye akiwa bado ananyonya, akalelewa na Aji, bibi yake mzaa baba, wala hakumpenda mtu duniani kuliko kikongwe huyo. Baba yake, Ba, alikuwa katika guthi ya mtaa, chama chao cha kufa na kuzikana, ingawa wao maiti huwachoma mtoni. Tangu enzi, mtu akifa, mjumbe alipita mlango kwa mlango kuwaita wabebaji. Lasata aliwabembeleza wazee mpaka wakakubali, shingo upande, tangazo litoke kwenye tovuti yake na kulia katika kila simu.

"Sawa, mjukuu," mkuu wa guthi alimwambia. "Lakini tukikosea hapa, hatumwombi radhi mtu. Tunamwomba marehemu."

Jumamosi moja ya baridi kali, waunda tovuti walikutana kama ilivyo ada yao, katika ukumbi ulio juu ya duka la momo, maandazi ya nyama ya mvuke. Siku hiyo mgeni aliwaonyesha zana mpya iitwayo Chhaya, yaani kivuli. Chhaya ilisoma kurasa zote za tovuti yako, kisha ikaandika ukurasa unaofuata kabla hujaugusa. Mgeni akasema kwamba atakayeiweka kwenye tovuti inayotumiwa na watu ndiye atakayepanda jukwaani mkutano ujao. Pale pale Lasata akafunua kompyuta yake iliyojaa vibandiko.

"Wewe, hiyo si tovuti ya misiba?" aliuliza Pramesh Shilpakar, mtu aliyemfundisha kazi. "Iweke kwenye nakala ya majaribio kwanza. Itazame wiki mbili tatu."

"Dai, kaka yangu, tungekufuata wewe, hadi leo tungekuwa tunachonga kurasa kwa patasi."

"Patasi haijawahi kuchonga yenyewe."

Watu wakaangua kicheko. Lasata naye akacheka, akabonyeza.

Mwanzoni ilikuwa raha tupu. Alipofariki fundi seremala mmoja, Lasata aliandika herufi za kwanza tu, tangazo likajikamilisha: jina, nyumba, saa ya kuondoka. Kisha asubuhi moja akakuta tangazo limekwisha kuandikwa, linangoja ruhusa yake tu. Lilikuwa la Nati Kaji, mzee wa nyumba ya kona. Lasata akampigia simu mwanawe, akajifanya anamjulia hali.

"Mzee? Huyu hapa anakunywa chai," kijana akajibu.

Jioni Nati Kaji akakata roho. Nywele zilimsimama Lasata, akamweleza Pramesh.

"Ilijuaje?" Pramesh akauliza.

"Inasoma, Dai. Pengine mzee aliacha kufungua matangazo."

"Iondoe leo."

"Nitaiondoa baada ya mkutano."

Alichoondoa ni kile kizuizi cha ruhusa yake, ili jukwaani tovuti ionekane ikienda peke yake. Alipigiwa makofi mpaka viganja vikawauma watu, na usiku ule alilala kwa furaha.

Alfajiri mbwa wa mtaa walibweka. Ukungu ulikuwa mzito, hata hekalu la jirani halikuonekana. Aji, ambaye alikuwa anapona ugonjwa wa kifua, alikuwa wa kwanza kuamka, akateremka kufungua mlango. Nje walisimama wanaume wa guthi, miguu mitupu, wamebeba kitambaa cheupe na mianzi mibichi ya machela. Simu zao zilikuwa zimelia gizani na jina la Aji.

Aji aliipapasa ile mianzi. "Mmeikata mirefu," alisema taratibu. "Mimi ni mfupi."

Mkuu wa guthi akainua macho, akamwona Lasata kwenye ngazi. Hakumkemea, na afadhali angemkemea. Wakageuka na mianzi yao, ukungu ukawameza.

Lasata aliing'oa Chhaya kabla hata ya kunawa uso. Lakini tangu siku hiyo, kila mbwa alipobweka, Aji aliuliza, "Wamerudi?"

"Aji, ni kosa la mashine."

"Mashine imenijuaje, mwanangu? Mimi nayo hatujaonana."

Akaanza kukataa wali, kisha mchuzi, kisha hata maji. Kabla baridi haijaisha, asubuhi moja Lasata alimshika mkono akaukuta wa baridi.

Alilia mpaka sauti ikamkauka. Kisha akaandika tangazo kwa mkono wake mwenyewe, herufi kwa herufi, akalituma. Simu zikalia mtaa mzima, alizisikia. Akakaa mlangoni na Ba kusubiri wabebaji.

Dirisha la ng'ambo likafunguka. Jirani akaitazama simu yake, akawatazama na wao.

"Mashine ya Lasata tena hiyo," akamwambia mtu aliyekuwa ndani. "Leo hatudanganyiki." Akafunga dirisha.

Jua likapanda, wala hakuna mguu uliokanyaga uani. Mwishowe Ba alivua viatu, akaingia mtaani peke yake kubisha mlango kwa mlango, akiapa kwa kila jirani kwamba mama yake amekufa kweli. Lasata alibaki kando ya Aji, maiti isiyokuwa na mtu wa kuibeba, na jeraha alilolipapasa mwenyewe likianza sasa kumuuma. Kipya kinyemi, ingawa kidonda.