Chujio la Bi Mwanamvita

Kampuni ya magari iligundua breki zake zina kasoro, ikawaita wateja wabadilishiwe bure. Bi Mwanamvita alipofuata gari lake, Shekalaghe, mkuu wa gereji, alimwonyesha chujio la hewa jeusi kama mkaa.

"Mama, humu tumekuta panya amezaa. Usiponunua jipya, ufunguo sikupi. Injini itakufia njiani."

"Maskini. Limetoka kwenye gari langu kweli?"

"Nimelichomoa mwenyewe sasa hivi."

"Hukulichanganya na la mtu?"

"Naapa mbele ya wateja hawa wote."

Bi Mwanamvita akatoa mkobani chujio safi.

"Langu hili hapa, nililichomoa nyumbani asubuhi. Nipe ufunguo, baba, na huyo panya mtafutie mwenyewe."

Benchi zima la wateja likasimama kukagua magari yao.