Mkanda wa Bi Mwanamize

Sikilizeni, kisha mnisaidie, maana mimi limenishinda.

Pale Ngamiani, Tanga, waliishi watu watatu. Mzee Mhina alijua kutunza. Saumu, fundi cherehani, alijua kuunga kilichokatika. Na Bi Mwanamize alijua kukumbuka. Neno likishamwingia sikioni halikutoka tena.

Ujanani Bi Mwanamize alicheza sinema moja tu, akiigiza mke wa mtu mkali. Mji mzima uliipenda. Kisha jumba la sinema likafungwa, mikanda ikatupwa jalalani.

Mhina, aliyekuwa akiendesha mashine jumbani humo, aliuokota mkanda wa sinema ile, akauviringishia kanga, akauweka uvunguni miaka arobaini. Kila masika yakiisha aliutoa akauanika upeponi.

Ulipofunguliwa ili uonyeshwe tena, ulikuwa umekatika mahali kumi na moja. Saumu aliushika dirishani penye mwanga, akauunga kipande kwa kipande, siku ishirini, mpaka macho yakamchuruzika machozi.

Lakini sauti ilikuwa imeliwa na ukungu. Basi Bi Mwanamize akakubali kuketi kando ya pazia la sinema ayaseme maneno ya wote: ya mume, ya mama mkwe, ya muuza maji, na yake mwenyewe.

Alasiri ya maonyesho, madirisha ya ukumbi yalizibwa. Akajiona kwenye pazia, ana miaka ishirini, anaelea katika mwanga kama mtu apitaye kwenye ndoto ya mwingine. Akamsemea yule binti taratibu, asimwamshe.

Kisha mume akampiga kofi. Zamani, hapo watu walikuwa wakishangilia. Sasa ukumbi ulitulia, wajukuu wakainamisha nyuso. Binti akapiga magoti, midomo ikacheza. Bi Mwanamize aliyajua maneno: "Ahsante, bwana, umenifunza." Yakamfika kooni, yakagoma. Akasikia sauti yake ikisema polepole, "Bwana, mkono huo hautanigusa tena."

Midomo na maneno havikupatana. Hakuna aliyecheka.

Baadaye makumbusho ya mji yakauomba mkanda, utiwe sauti mpya na kuonyeshwa kila mwaka. Hapo ndipo walipotofautiana.

Mhina alitaka maneno ya zamani yarudishwe. "Tukiyabadili," alisema, "wajukuu watadhani tulikuwa watu wema."

Saumu alisema hakuumiza macho yake ili mwanamke apigwe kila mwaka mbele za watu. Kipande kile atakikata kwa mkasi wake.

Bi Mwanamize akasema, "Uso ule ni wangu. Miaka yote umesema nilichoandikiwa. Niacheni useme nilichotaka."

Haya basi. Asingekuwapo Mhina, mkanda ungeoza jalalani. Asingekuwapo Saumu, usingezunguka. Asingekuwapo Bi Mwanamize, ungekuwa bubu. Na makumbusho yanataka neno la mmoja tu.

Nawe uliyeketi hapo unasikiliza, kama ungekuwa mwamuzi, neno hilo ungempa nani?