Jina Moja kwa Mtoto wa Tumpe

Sogeeni. Hadithi hii ina swali mkiani, na atakayesinzia haruhusiwi kujibu.

Huko Tukuyu, nyumbani kwa Lusajo, walikuwapo wanawake watatu. Sekela, mama yake Lusajo, alijua kuwakataa watu bila kuwafukuza. Atuganile, mdogo wake Lusajo, aliwashinda vijana wote wa mtaa kwa gemu la kupanga matofali yanayoshuka kwenye simu. Blandina, nesi na jirani yao, alijua kuuliza swali moja kisha kusikiliza.

Wa nne ni Tumpe, mke wa Lusajo. Alijifungua kwa upasuaji wa dharura, nusura damu imwishe. Mtoto alitoka kimya, akalia baadaye. Walirudi nyumbani wazima. Lakini kila Tumpe alipompakata mtoto anyonye, picha ilimjia: mgongo wa daktari ukienda zake na mtoto asiyelia. Akamrudisha upesi kwa Sekela. Mtoto akawa ananyweshwa kwa kikombe maziwa aliyokamua mama yake.

"Sahau, mwanangu," walisema waliokuja kumpongeza. Kisha wakavuta viti. "Hebu tusimulie, ilikuwaje?" Ndiyo desturi: mzazi hupewa ndizi, naye hutoa habari. Tumpe alisimulia. Wageni waliondoka wameridhika, picha ikabaki kwake.

Blandina alimkuta analia kwa hasira.

"Mdogo wangu, hiyo picha ikija unaifanyaje?"

"Naikimbia."

"Usiikimbie. Iite mwenyewe, itazame kidogo, usinisimulie. Halafu cheza gemu la kupanga maumbo, kama lile la Atuganile. Akili ikishikwa na kazi hiyo, picha hukosa mahali pa kujikita. Haifutiki, ila inaweza kupungua."

Akawa anapita kila akitoka zamu, miguu imemvimba, anakaa naye picha inapoitwa ili isimzidi.

Atuganile alitoa simu yake pekee, ambayo hata mama yake hakuwahi kuishika. Tumpe aligonga kioo ovyo.

"Wifi, hapo unajenga zizi la mbuzi! Ligeuze kichwani kwanza, kidole baadaye."

Tumpe aliitupa simu kitandani. Atuganile akaiokota, wakaanza upya, mpaka wifi yake akawa analiona tofali limekaa kabla halijatua.

Sekela alisimama mlangoni kuwazuia wageni.

"Mzazi amelala."

"Tangu juzi?"

"Tangu juzi. Ndizi wekeni hapo."

Mtaa ukamwita mchoyo wa mjukuu. Wenzake wa kwaya wakaacha kumsalimia. Hakusogea, maana kila mgeni aliyepenya alimrudisha Tumpe nyuma.

Picha ikaanza kuja kwa nadra, ikafifia. Asubuhi moja Tumpe alimpakata mtoto, akanyonya hadi akalala mapajani pake.

Ubatizo ulipokaribia, Lusajo akasema, "Mpe jina la aliyekurudishia mtoto." Mchungaji akaongeza, "Jina moja. Sitasoma ukoo mzima pale mbele."

Hapo ndipo nyumba ilipochafuka.

"Mimi sidai," alisema Blandina. "Ila gemu bila kuiita picha ni gemu tu. Atuganile hucheza kila siku, amepona nini?"

"Na picha ikishaitwa, gemu lisiwepo? Mngeiandalia chai, nesi!"

"Endeleeni," alisema Sekela. "Hayo mngeyafanyia wapi, katikati ya wageni? Nyie mmesifiwa, mimi nimetukanwa."

Tumpe alipandisha sauti. "Nilipoumwa, kila mtu alijua dawa. Nimepata nafuu, kila mtu anajua mganga. Niacheni ninyonyeshe!"

Hawakumwacha. Alijaribu kumwondoa mmoja mawazoni, kisha mwingine. Kila alipomwondoa mmoja, humo mawazoni mtoto alirudi kwenye kikombe.

Sasa wako kanisani. Mtoto yuko mikononi mwa mama yake, wanawake watatu wamepanga mstari nyuma yake, hakuna anayemtazama mwenzake. Mchungaji ameinamisha sikio.

Haya, wewe uliyekaa macho: ungekuwa Tumpe, ungemnong'oneza jina la nani?