Cherero wa Mwanaidi na Barua Tatu za Posa

Hapo zamani, si zamani ile ya fisi kwenda posa, hapana, zamani hii ya juzi ambayo bibi yangu aliiona kwa macho yake, palikuwa na binti huko milima ya Kondoa akiitwa Mwanaidi. Mwanaidi alifuga cherero wawili, dume na jike. Mnawajua cherero? Ndio wale kasuku wadogo wa kijani, kichwa cheusi, ukosi wa manjano, jicho limezungushiwa weupe kama mwalimu aliyevaa miwani. Hukaa wamebanana. Mmoja akienda kunywa maji, mwenzake humfuata kuona anayanywaje.

Kitundu chao alikisuka Ntandu, fundi wa vikapu. Na sisi watu wa uwele mnatujua: uzio mabua, dari mabua, kitanda cha mgeni mabua. Ntandu naye akasuka kitundu cha mabua. Jamani! Kumfungia cherero ndani ya mabua ni kumfunga mbuzi kwa majani ya viazi. Siku ya nne dume akatafuna ukuta, akatoka. Jike alipotaka kumfuata, Mwanaidi alikwisha kuziba tundu kwa sinia.

Jike akagoma kula. Mwanaidi alipoona jike hali, akagoma kupika. Na Mwanaidi alipogoma kupika, baba yake Mzee Kisuda, mgane asiyejua hata chumvi inakaa wapi, akashindia karanga mbichi siku tatu. Siku ya nne akasimama uani, akapaza sauti:

"Barua za posa ninazo tatu hapa darini! Atakayefanya moto uwake tena jikoni mwangu, barua yake ndiyo nitakayoijibu!"

Wenye barua walikuwa Mrisho, Swalehe na huyo huyo Ntandu.

Mrisho alikuwa juu ya dungu, lile jukwaa la miti, akiamia ndege wasile uwele shambani kwa mama yake. Kundi la cherero likatua kwenye uwele, na mmoja wao alikuwa na uzi mwekundu mguuni, uzi aliomfunga Mwanaidi. Mrisho akaweka kombeo chini. Akawaacha wale, wazoee, apate kuona wanalala wapi. Wakala leo, wakala kesho. Mama yake akaja na mchi mkononi.

"Mrisho! Nimekuweka uamie ndege au uwakaribishe?"

"Vumilia, mama. Namtafuta mkamwana wako."

"Na huyo mkamwana akija atakula nini, mabua?"

Jioni Mrisho akamfuata yule wa uzi mwekundu mbio mbio mpaka alipoingia shimoni, juu kabisa ya mkuyu. Mkuyu gani? Ule ulio nyuma ya jiko la Mzee Kisuda! Masikini ndege, hakutaka kumwacha mkewe mbali. Lakini Mrisho huogopa kimo. Dungu ndio mwisho wake. Akamwita Swalehe, mrina asali.

Swalehe akapanda, akatia mkono shimoni. Akang'atwa kidole, hakuachia. Akang'atwa pua, hakuachia. Akashuka na ndege ndani ya kofia, pua imevimba kama nyanya.

Dume akarudishwa kitunduni. Wakabanana, wakachokorana manyoya. Lakini kula, hawali. Wakakaa pembeni wakiutazama mkuyu, na Mwanaidi akawatazama wao, machozi yanamtoka. Moto haukuwaka.

Ndipo Ntandu akachomoa kisu, akakipasua kitundu chake mwenyewe kutoka juu hadi chini. Watu wakapiga yowe. Cherero wakaruka pamoja hadi mkuyuni. Kitambo kidogo wakashuka wote wawili, wakatua kwenye mkeka alioanikia uwele Mwanaidi, wakala mbele ya miguu yake. Mwanaidi akacheka. Akaenda jikoni, akawasha moto.

"Nisingeona mimi, mngepanda mti gani?" akasema Mrisho. "Na mama mpaka leo hasemi nami."

"Tazameni pua yangu!" akasema Swalehe. "Kuona tu, hata kipofu huona ndotoni. Nani alimshika?"

"Mlipomleta, moto uliwaka?" akasema Ntandu. "Nilipofungua, ukawaka."

"Wewe ndiye uliyesuka mabua!" wakasema wale wawili.

Mzee Kisuda, mdomo umejaa ugali, akasema atajibu asubuhi.

Asubuhi akapapasa darini. Hakuna barua. Akatoka nje, akamwona cherero jike anaelekea mkuyuni na ukanda mrefu wa karatasi mdomoni. Barua zote tatu zilikuwa zimechanwa, zimetandikwa shimoni, kitanda cha mayai.

Mzee akashika kichwa. "Mwanangu, barua zimeliwa. Nimjibu nani?"

"Walikuandikia wewe, baba," akasema Mwanaidi akichota unga. "Safari hii nitajibu mimi. Nitamtaja ugali ukiiva."

Wanaume watatu wakakaa mlangoni, mmoja na mama aliyenuna, mmoja na pua, mmoja na mabua yake yaliyopasuliwa. Maji yamechemka, unga umetiwa, mwiko unazunguka. Haya, semeni upesi kabla haujaiva: katika hao, nani alistahili?