Ziwa Alilolichagua Atupele

Usimchagulie mwenzio ziwa, hujui limemmeza nani. Ndivyo mama yenu mkubwa alivyomwambia Sayi leo asubuhi, alipomsikia anapanga sherehe ya kumshtukiza mchumba wake, nanyi mkacheka mkaniuliza ziwa limeingiaje katika mambo ya uchumba. Basi kaeni niwaeleze lilikoingilia. Chanzo cha maneno hayo kilikuwa mjini Kahama, katika nyumba ya mtu aitwaye Doto, na aliyeyasababisha ni mkewe, Atupele, ambaye hakuwa na nia mbaya hata chembe.

Atupele alizaliwa Tukuyu, kwenye mvua na migomba, akaolewa Kahama, kwenye vumbi. Aliuza dawa katika duka moja karibu na stendi. Nyumbani aliishi na mumewe na mama mkwe wake, Bi Nyamizi, mjane wa maneno machache. Bi Nyamizi hakumgombeza hata siku moja. Alikula alichopikiwa, akashukuru, akarudi chumbani kwake. Hilo ndilo lililomchosha Atupele. Ugomvi angeujibu, lakini ukimya ule hakujua aushike wapi.

Mwaka mmoja Bi Nyamizi aliugua nimonia, akalazwa muda mrefu. Alipona, ila alirudi amepungua, nguo zinamning'inia. Daktari akasema ingefaa abadilishe hewa kidogo. Atupele akalidaka neno hilo.

Siku hizo mwenye duka la dawa alikuwa ametoka mapumzikoni huko Ziwa Victoria, upande wa Mwanza, mahali palipojengwa nyumba ndogo za mawe na mbao kwa ajili ya wenye uwezo wao. Kila nyumba ilikuwa na baraza lake linalotazama maji. Majani yamekatwa yakawa kama zulia, na juu ya mchanga pamesimamishwa miavuli ya makuti. Atupele alizitazama picha alizoonyeshwa na mwenye duka akamwona mama mkwe wake ameketi pale, miguu imenyooshwa, anacheka. Hakuwahi kumwona akicheka.

Jioni alimweleza mumewe. Doto alikuwa anakula. Akalirudisha tonge sahanini.

"Mama hapendi safari," akasema.

"Mwanza ni safari gani? Tunaondoka asubuhi, tunafika mchana."

"Haya, tutaona."

Atupele akalichukua lile "tutaona" kuwa ni ndiyo ya mtu mvivu, akaanza kupanga. Aliwapigia wenye hoteli akauliza kama kuna ngazi, maana mama alikuwa bado hana pumzi. Akachagua nyumba iliyo karibu kabisa na maji, ile ambayo mtu akifungua macho kitandani anaona ziwa. Akapeleka kitenge kwa fundi, gauni la mama na lake, sare. Kisha akampigia simu wifi yake, Shija, aliyeolewa Tabora, amwalike aje na wanawe.

Shija akauliza, "Kaka umemwambia?"

"Nimemwambia."

"Akasemaje?"

"Akasema tutaona."

"Basi, wifi," Shija akasema. "Kama kaka anajua, mimi sina neno."

Hivyo ndugu wawili wakaachiana mzigo, kila mmoja akingoja mwenzake aseme. Asubuhi moja Doto alimfuata mkewe hadi getini. Akamwita jina, akasimama, akashika komeo la geti kama anayelikagua. Kisha akamwambia asichelewe kurudi, akaingia ndani.

Jumapili Atupele alipika wali na kuku. Walipomaliza kula alimsogelea mama mkwe wake, akamwekea simu mbele.

"Mama, daktari alisema ubadilishe hewa. Mimi na Doto tunakupeleka hapa. Tazama, hiki ndicho chumba chako. Na asubuhi wavuvi wanaleta sato mbichi mlangoni."

Bi Nyamizi alitazama ile picha. Ilionyesha gati dogo la mbao, na mtoto wa kiume aliyepigwa picha akiwa hewani, amejitupa majini. Alitazama kwa muda mrefu. Alipoinua uso hakumtazama Atupele.

"Nani amechagua hapa?"

"Mimi, mama."

"Doto anajua?"

"Anajua."

"Doto," akasema yule mama polepole, "umemwacha mkeo aje na ziwa lile mpaka mezani kwangu."

Doto aliinamisha kichwa. Atupele akaivuta simu yake. Alijua kwamba kila Doto ana Kulwa wake, pacha aliyemtangulia kuzaliwa. Wakati wa uchumba aliwahi kuuliza, akajibiwa kwamba pacha alifariki wakiwa wadogo. Alidhani ni homa, hakuuliza zaidi. Wala hakujiuliza kwa nini majirani humwita mkwewe Mama Shija, wakiwaruka mapacha waliomtangulia.

"Niliwapeleka kwa mjomba wao wakati wa likizo," Bi Nyamizi alisema. "Huko huko. Watoto wakaingia majini, akatoka mmoja. Wavuvi walitafuta mpaka wakachoka, wakaja kuniambia nirudi nyumbani. Sikuzika, binti yangu. Wenzangu wana mahali pa kwenda kupalilia majani. Kaburi la mwanangu ni hili unalonionyesha, wameliwekea miavuli."

Akainuka, akashika ukuta, akaenda chumbani.

Atupele alimgeukia mumewe. "Kwa nini hukuniambia?"

"Nilishindwa kulitaja jina lake," Doto alisema. "Humu ndani hatulitaji."

Safari ikavunjwa. Wiki ile ile Bi Nyamizi alifunga nguo zake, akaenda kwa dada yake kijijini, upande wa Kishapu. Hakuaga kwa hasira. Alisema anakwenda kupumzika. Doto alimsindikiza hadi stendi, wakaagana kwa kushikana mikono kama watu wasiojuana.

Atupele alivumilia, akashindwa, akamfuata. Alimkuta uani na wanawake wengine, anakata viazi vitamu vya kuanika juani viwe michembe. Akapiga magoti, akaanza kuomba radhi.

"Inuka," Bi Nyamizi alimwambia. "Hukunikosea kwa kujua. Ulitaka kunifurahisha, lakini furaha yangu uliipanga na watu wengine wote, mimi ukaniacha. Usimchagulie mwenzio ziwa, binti yangu. Hujui limemmeza nani."

Atupele akauliza, "Sasa nikufanyie nini, mama?"

Yule mama alifikiri. Akamsogezea kisu cha pili.

Wakakata viazi. Baada ya muda Bi Nyamizi akaanza kusimulia habari za Kulwa: alivyokuwa akiogopa kuku, alivyokuwa akimwamsha Doto ili wakojoe pamoja. Alisimulia bila kulia. Aliyelia ni Atupele. Jua lilipopungua walianua, na Atupele akarudi Kahama peke yake, maana mama mkwe wake hakurudi kuishi katika nyumba ile tena, mpaka alipofariki.

Wanawake wa pale uani ndio walioyachukua yale maneno, yakatoka Kishapu yakatufikia. Sayi, nenda kamuulize kwanza huyo mchumba wako. Usimchagulie mwenzio ziwa, hujui limemmeza nani.