Mtani Aliyechukua Chungu Kibichi

Paukwa!

Pakawa!

Mbona mnaitikia kama mmelala na njaa? Paukwa!

Pakawaaa!

Hapo sawa. Hapo zamani za kale, zamani ambazo nyinyi mnasimuliwa tu, mimi nilikuwepo, tena nimekaa mbele (kitu nisichokiona kwa macho yangu mawili mimi sikisemi), palikuwa na binti mfinyanzi wa Mlimani, jina lake Mwavua. Alikuwa taratibu, taratibu, taratibu. Ukimwamkia alfajiri, jibu unalipata jua la utosini. Chungu kimoja alikifinyanga siku tatu, akakianika kivulini siku saba, ndipo akakichoma. Lakini chungu chake kilirithiwa na wajukuu. Rafiki yake kipenzi alikuwa Nungunungu, ndiye aliyemchimbia udongo.

Bondeni nako alikaa Kondo, mpiga mbiu. Sauti yake ilifika mahali kabla ya miguu, na miguu yenyewe haikuwa mizito! Rafiki yake kipenzi alikuwa Chiriku. Wakianza kusema hao wawili, hata kasuku anaomba zamu.

Siku moja Chiriku alipanda Mlimani kumwomba Nungunungu mwiba wa kujengea kiota. Akakuta msikilizaji asiyemkatiza. Akarudi kesho, akarudi keshokutwa, mwisho akaja na Kondo.

Sasa, watu wa Mlimani na watu wa Bondeni ni watani. Mtani akikutukana, hukasiriki. Mtani akichukua kitu chako mbele ya macho yako, si mwizi. Ukikitaka, unakikomboa kwa kuku. Usipokikomboa, ni chake moja kwa moja.

Kondo kumwona Mwavua tu, akapaza sauti: "We binti wa Mlimani, miguu kama michi! Nitakuoa mimi!"

Watu wakacheka. Mwavua akafinyanga, akafinyanga, akafinyanga, kisha akasema, "Mtani hasemi kweli."

Wakacheka zaidi. Kondo kwa kuona haya akanyakua chungu akatimua mbio. "Nimechukua! Njoo ukomboe!"

Lo! Chungu chenyewe kibichi, hakijaonja moto. Kufika Bondeni akakitia maji, chungu kikarudi kuwa udongo, kikammwagikia kutoka kitovuni mpaka magotini.

Kesho yake akapanda tena, nguo imemganda matope. "Mtani, chungu chako kimenikojolea."

Mwavua akamkatia bonge la udongo. "Kaa chini," akasema. "Ujifunze kungoja."

Kondo akakaa. Masika yakapita, kiangazi kikapita. Chungu chake cha kwanza kilifanana na kofia iliyokaliwa na ng'ombe. Alisema yeye, akanyamaza Mwavua, na wote wawili wakaona wamezungumza. Siku ambayo Kondo hakuja, Mwavua alijikuta anaisikiliza njia.

Siku ya mavuno, mbele ya watu, Kondo akasema tena, "Mwavua, nitakuoa mimi!"

Watu wakacheka. "Mtani hasemi kweli," akajibu Mwavua.

Ikaja vuli. Siku hiyo walikuwa wao tu, na rafiki zao. Kondo akasema polepole, "Mwavua, nitakuoa mimi."

Hakuna aliyecheka. Moyo wa Mwavua uliruka, lakini mdomo ulikwishazoea njia yake. "Mtani hasemi kweli."

Kondo akanawa mikono, akaenda zake. Hakurudi kesho, hakurudi keshokutwa.

Ndipo ikaja posa ya mfuga mbuzi mmoja. Baba yake Mwavua akasema, "Siku nne, mwanangu. Ukinyamaza, nitajua umekubali."

Jamani! Mtu ambaye kunyamaza ndiyo kazi yake!

Siku ya kwanza akafinyanga. Siku ya pili akafinyanga. Siku ya tatu udongo ukamshinda. "Nungu," akasema, "huyu Kondo ni mtani. Nitajuaje kama alisema kweli?"

Nungunungu akamwendea Chiriku, akaja naye. Na Chiriku, kwa mara ya kwanza tangu yai lake lilipopasuka, akanong'ona: "Dada, hapigi mbiu tena. Pembe yake ya mbiu wamehamia buibui. Jana mtu wa Mlimani kamwita pua ya chura. Unajua kajibuje? Kasema, 'Ahsante, baba.'"

"Mtani akishindwa kutukana," akasema Nungunungu, "huyo mgonjwa, tena mgonjwa hasa."

Siku ya nne, kabla baba hajamaliza kunawa uso, Mwavua akasema, "Huyo simtaki, baba." Kwa haraka hivyo! Mzee akaangusha kata, maji yakammwagikia miguuni.

Mwavua akashuka Bondeni. Akamkuta Kondo uani, kajiinamia, mama yake anapepeta mchele, majirani wamejaa.

"Hodi hapa!"

"Karibu, mtani," akaitika mama.

Mwavua hakukaa. Akamshika Kondo kiganja cha mkono, akamwinua kama anavyoinua chungu. "Mimi mtani wenu wa Mlimani. Nimechukua hiki. Mwenye nacho akikomboe."

Kondo akafungua mdomo. Hakuna kilichotoka! Mpiga mbiu mzima!

Majirani wakamgeukia mama. Mama akawatazama kuku wake uani. Akamtazama mwanawe. Akawatazama kuku tena.

"Kuku wangu wanataga," akasema. "Sikomboi."

Basi hadithi yangu imeishia hapo, uongo ukiuona umetoka kinywani mwangu, uokote. Na kwa kuwa mimi ni mkweli kuwashinda baba zenu, nawaambia: nimetia uongo mmoja tu. Mama hakusema habari za kuku. Mama hakusema neno. Aliingia ndani, akakunja mkeka wa mwanawe, akatoka nao, akamtwika Mwavua kichwani.