Mabaka na Mluzi wa Kunywea Maji

Paukwa.

Pakawa.

Mnaitikia kama watu walioshiba. Hebu tena, paukwa?

Pakawa, bibi.

Pakawa kiu, pakawa vumbi, pakawa njia ndefu isiyo na mtu wa kukuita jina. Sogeeni. Mkunde, toa mguu kwenye jivu.

Hapo kale, na si kale sana, maana malori yalikuwa yameshaingia, alikuwepo mfugaji mmoja akiitwa Mzee Diba. Mkewe alikuwa ametangulia mbele ya haki, binti zake wameolewa mbali. Akabaki yeye na ng'ombe wake. Katika hao, aliyempenda zaidi alikuwa Mabaka, mweupe mwenye madoa meusi, kama aliyejifutia masizi ya sufuria.

Sasa, kwa kina Diba ng'ombe hanywi hivi hivi tu. Hupigiwa mluzi. Mchungaji anasimama kando ya hori la maji, anapiga mluzi mwembamba, mrefu, fiiiuuu, fiiiuuu, na ng'ombe anakunywa. Mluzi ukikoma anainua kichwa, anampisha mwenzake. Mabaka alizaliwa akausikia huo, akakua akinywa kwa huo.

"Na asipopigiwa?" akauliza Tabu.

Hiyo ndiyo hadithi yenyewe, mjukuu wangu. Usinitangulie.

Ukaja ukame. Nyasi zikaisha, kisima kikabaki na tope. Diba akaona Mabaka atamfia mikononi. Akamkabidhi kwa mchuuzi anayepeleka mifugo ng'ambo ya mpaka, kwenye nchi ya pili, ambako mvua ilikuwa imenyesha. Lakini kwao kulikuwa na mwiko. Ng'ombe akishatoka zizini hasemwi tena. Unachomoa singa chache za mkia wake, baraka ibaki nyumbani, halafu unafumba mdomo.

Dereva wa lori, jina lake Kitwana, akamwuliza kama kuna la kujua juu ya ng'ombe huyu. Diba akatikisa kichwa. Singa anazo mkononi, mdomo kaufumba. Lori likaondoka, naye hakugeuka kulitazama.

Lori lenyewe, waliojua kusoma walisema limeandikwa ubavuni "Sina Haraka". Na lilikimbia kama limeibwa.

Ndani, ng'ombe wamebanana. Kila mmoja katoka zizi lake, hakuna anayemjua mwenzake. Wakafika kwenye kisima cha kwanza. Kitwana akateremka, akafunua boneti, akachota maji, akalinywesha lori. Rejeta ikajaa, ikacheua. Ng'ombe wanatazama. Kitwana akasema ng'ombe akinywa njiani hulegea akalala, basi watakunywa huko mpakani. Akapanda, akawasha gari.

Mabaka akaimba:

*Maji nayaona, mluzi siusikii.*
*Nani ataniita, nami niko ugenini?*

Itikieni na nyie.

"Nani ataniita, nami niko ugenini."

Pembeni yake palikuwa na dume jekundu. Likamcheka. Likamwambia, "Wewe mtoto wa mama, unalilia mluzi? Mimi ukinitilia maji kwenye kiatu nakunywa, na kiatu nakitafuna."

Wakafika mpakani. Malori yamepanga foleni, jua limekaa utosini. Kitwana akaenda kwa wakubwa, akaambiwa angoje. Akangoja. Akachoka kungoja, akalinywesha lori tena, lisije likachemka. Maji aliyokuwa nayo yakaishia hapo.

Mabaka akaimba:

*Maji nayaona, mluzi siusikii.*
*Nani ataniita, nami niko ugenini?*

Safari hii dume jekundu halikucheka. Miguu ilikuwa ikilitetemeka. Likamwegemea Mabaka, kisha likaanguka chini ya kwato za wengine, na wengine hawana pa kuziweka. Mabaka akatanua miguu yake asilikanyage. Dume likamwambia kwa sauti ndogo, "Nisimulie hori la kwenu."

Mabaka akalisimulia. Hori lilichongwa kwa gogo. Asubuhi maji yake huwa baridi, na mzee husimama upande wa kivuli. Akaendelea hivyo, na alipomaliza, dume lilikuwa halisikilizi tena.

"Limelala?" akauliza Chausiku.

Limekufa, mama. Sikufichi.

Mwishowe wakaruhusiwa kuvuka. Ng'ambo ya pili, kwenye mteremko, lori likasimama. Kitwana akalipiga teke gurudumuni. Halikwenda. Akateremka kijitoni kuchota maji, akalimiminia. Lori likayatema yote miguuni pake.

Likasema, "Kitwana, umeninywesha kisimani, umeninywesha mpakani. Mimi ni chuma. Nimebeba maiti mgongoni, na hao walio hai ndimi zinaning'inia, na bado maji unanipa mimi."

Kitwana alitaka kukasirika. Lakini alizunguka nyuma akatazama, na hasira ikakosa mahali pa kukaa. Akachukua debe, akashuka, akapanda, akashuka, akapanda. Ng'ombe wote wakanywa. Mabaka hakunywa. Kitwana akamsukuma kichwa debeni, akamsihi, akamtukana, akamsihi tena. Mabaka akafumba macho. Sauti ilikuwa imekwisha, akaimba kwa pumzi tu:

*Maji nayaona, mluzi siusikii.*
*Nani ataniita, nami niko ugenini?*

"Anasema nini?" Kitwana akaliuliza lori.

"Anangoja mluzi," likajibu. "Kwao ndivyo wanavyokunywa."

Kitwana akakusanya midomo. Pfff. Akajaribu tena. Pfff. Midomo ilikuwa imepasuka kwa ukavu. Kwa haraka zake hata yeye hakuwa ameonja maji tangu alfajiri.

"Kunywa na wewe, mtu wa watu," likasema lori.

Akainama kwenye debe lile lile, kichwa chake karibu na kichwa cha ng'ombe, akanywa. Kisha akapiga mluzi. Ulikuwa mluzi mbovu, wanangu, kama mfuniko wa sufuria ya maharage. Wale ng'ombe wengine wakatazama pembeni kwa aibu.

Mabaka akasimamisha sikio. Haukuwa wa Diba. Akangoja kidogo, labda na ule mwingine utakuja. Haukuja. Basi akainamisha kichwa, akanywa.

Walipofika, akapokewa na mama mmoja akiitwa Nakiru. Kitwana akamkabidhi kamba, akamwambia, "Mama, huyu hanywi bila mluzi." Nakiru akamwuliza ni mluzi gani huo. Kitwana akampigia, na Nakiru akasema hata mbuzi wake wangekimbia. Lakini akajifunza. Ndiyo maana siku hizi anayekabidhi mnyama husema anavyokunywa na anavyolala, na mwiko wa kufumba mdomo ukavunjwa.

Ukavunjwa huko ng'ambo. Nyumbani Diba hakujua. Kila asubuhi alisimama kando ya hori akiwapigia mluzi waliobaki, na walipomaliza kunywa aliendelea kidogo, kama kuna mmoja bado. Hakuna aliyerudi kumwambia kwamba Mabaka alikunywa.

Mnyama unayemfunga kamba ukampeleka mbali hana wa kumsemea njiani ila wewe. Kiu yake iulize kabla ya safari yako.

Hadithi yangu imelala hapo. Msiiamshe, imetoka mbali.